Picha za Kielektroniki katika Tiba ya Saratani kwa Mionzi: Maelezo ya Kazi Yake na Maneno Yake

Nia ya makala hii ni kueleza jambo moja la elimu ya tiba ambalo limekwisha kuingia nchini mwetu, lakini maneno yake hayajatulia bado katika lugha yetu. Jambo lenyewe ni matumizi ya picha za kielektroniki katika kuilenga na kuihakikisha mionzi itibuyo saratani. Mwandishi si tabibu wala si fundi wa mionzi; kazi yake ni lugha. Walakini watu wa lugha na watu wa tiba hukutana mahali pamoja, napo ni sikioni mwa mgonjwa. Tabibu husema neno, mgonjwa hulisikia. Na kama neno halikufika barabara, huenda hata tiba yenyewe isifike barabara.

Katika tiba ya mionzi jambo hili ni zito kuliko katika tiba nyingine nyingi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ni mshiriki wa kazi. Yampasa alale vile vile kila siku, asijitikise, asifute alama alizotiwa mwilini, na arudi mpaka siku ya mwisho. Hayo ni vigumu kuyatimiza kwa mtu asiyejua picha anayopigwa ni ya nini, na mionzi anayopewa ni ya nini. Kwa hiyo tutaeleza kwanza kazi ya picha hizo, kisha tutayapima maneno yake.

I. Njia ya mgonjwa

Tuchukue mfano wa mgonjwa atokaye Bendera, katika wilaya ya Same. Bendera iko tambarare, chini ya milima ya Upare ya Kusini kwa upande wa mashariki, katika njia itokayo Same na kupita Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio hata kufika Mkomazi. Wapare wa huko husema Chasu nyumbani. Lakini zahanatini, shuleni na sokoni, ambako watu wa makabila mbalimbali hukutana, lugha ni Kiswahili. Basi habari zote za ugonjwa wake mtu huzipata kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili huzirudisha kwa jamaa zake.

Tuseme mgonjwa huyo ni mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo iongozayo miongoni mwa saratani za wanawake katika Tanzania. Kutoka zahanati atapelekwa hospitali ya Gonja au ya Same, na kutoka huko huenda akapelekwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kupata kituo chake cha saratani mwaka 2016. Lakini kwa miaka mingi mtu wa Upare aliyehitaji mionzi hakuwa na budi kushuka mpaka Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo la kale la hospitali hiyo lilijengwa na Wadachi na kufunguliwa mwaka 1897. Mwaka 1996 mahali hapo pakawa taasisi yenye kujitegemea kwa sheria ya Bunge. Mionzi yake ilitoka katika mashine za kobalti. Na mwaka 2018 zikaanza kazi mashine mbili za aina mpya ziitwazo LINAC, ambazo hutengeneza mionzi kwa nguvu za umeme, pamoja na mashine ya picha ya kupangia tiba.

Tiba ya mama huyu huweza kuwa na siku 25 za mionzi ya nje, siku tano kwa juma, na baadaye mionzi ya ndani iwekwayo karibu na uvimbe wenyewe. Waganga hutaka kazi yote iishe katika muda wa majuma nane, kwa maana ikikawia, chembe za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuongezeka tena. Mgonjwa akaaye Dar es Salaam kwa majuma hayo, mbali na shamba lake na watoto wake, hulipa gharama kubwa hata pale ambapo tiba yenyewe hailipiwi. Ikiwa baada ya juma la pili amedhani kwamba amekwisha tibiwa, au ameogopa kwamba anaunguzwa bure, atarudi kwao na kazi yote itakuwa imepotea. Ndiyo sababu maneno si jambo dogo hapa.

II. Picha ya eksirei ni kivuli

Mnamo tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu wa fizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale isiyoonekana kwa macho, ipenyayo karatasi, mbao na nyama ya mwili. Kwa kuwa hakujua asili yake, aliipa jina la herufi ile ambayo wanahesabu huiandika kwa kitu kisichojulikana. Wadachi waliiita baadaye kwa jina la Röntgen mwenyewe. Waingereza walibaki na ile herufi, na kwao sisi tukapata neno letu eksirei.

Picha ya eksirei si picha kama ile ya kamera. Kamera hupokea nuru iliyogonga uso wa mtu na kurudi. Eksirei hupenya mwili na kutokea upande wa pili, na kilichoandikwa hapo ni kivuli. Mfupa una chokaa nyingi, nao humeza miale mingi. Kwa hiyo nyuma yake hubaki weupe kwenye filamu. Pafu limejaa hewa, nalo huiacha miale ipite. Nyuma yake filamu huwa nyeusi. Kila picha ya namna hii, hata iwe ya mashine ya kisasa namna gani, ni hesabu ya miale mingapi imepita na mingapi imekwama.

Mionzi itibuyo ni ndugu wa miale hii, lakini ina nguvu zaidi sana. Mashine ya kupiga picha ya kifua hutumia umeme wa volti elfu kadha wa kadha, aghalabu kati ya 60,000 na 125,000. Mashine ya LINAC hufanya kazi kwa kiasi cha volti milioni 6 au zaidi. Ile ya kwanza hutumwa ilete habari. Hii ya pili hutumwa iharibu chembe za saratani, ili zisiweze kugawanyika na kuongezeka.

Hapo ndipo ilipo shida ya tiba hii. Mionzi haina macho. Huharibu chembe mbovu, na chembe njema zilizomo njiani mwake pia huziumiza. Chembe njema aghalabu hujitengeneza upya vizuri kuliko chembe za saratani, na hii ndiyo sababu dozi hugawanywa katika siku nyingi. Hata hivyo kibofu cha mkojo kiko mbele ya kizazi, na utumbo wa mwisho uko nyuma yake, navyo vyote viwili havitaki mionzi mingi. Kosa la sentimita moja laweza kuuacha ukingo wa uvimbe bila dozi, na kuupa utumbo dozi isiyokuwa yake.

III. Picha ya mpango

Zamani tabibu alipanga tiba kama kwamba mwili wote ni kitu kimoja, sawa na chombo cha maji. Mtu mmoja aliyeona upungufu wa jambo hili alikuwa katika bara letu la Afrika. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924, alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kusimamia matumizi ya vitu vyenye mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Alipotazama jinsi tiba zilivyopangwa, alijiuliza: twawezaje kujua dozi ifikayo kwenye uvimbe, kama hatujui mwale unapungua kiasi gani unapopita katika mfupa, na kiasi gani unapopita katika pafu? Akafanya hesabu ya kuonyesha kwamba, ukiupimia mwili miale kutoka pande nyingi, waweza kuchora ramani ya ndani yake. Aliandika habari hizo mwaka 1963 na 1964, na watu wachache tu walizijali.

Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, asiyejua kazi ya Cormack, alitengeneza mashine ifanyayo jambo hilo hilo, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha kwayo London mwaka 1971. Hiyo ndiyo mashine ya CT iliyoenea sasa ulimwenguni. Watu hawa wawili walipewa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Twaona basi kwamba mashine ambayo wengi huifikiri kuwa ya kutafutia ugonjwa, kwa upande wa Cormack chimbuko lake lilikuwa swali la mtu aliyetaka kuipanga tiba ya mionzi sawasawa.

Siku hizi, kabla ya tiba kuanza, mgonjwa hulazwa katika mashine ya CT vile vile atakavyolazwa siku za tiba. Miale midogo ya nuru nyekundu au ya kijani humulika mwili wake, na mahali ipitapo hutiwa alama za wino au vitone vidogo vya chale. Mashine huukata mwili kwa picha, vipande vyembamba vyembamba, kama mtu akatavyo mkate pasipo kuugusa. Tabibu huchora juu ya kila kipande mipaka ya uvimbe, na mipaka ya viungo vya kulindwa. Mtaalamu wa fizikia hupanga mionzi iingie kutoka pande gani, kwa upana gani, na kwa dozi gani. Kisha kompyuta hubuni kivuli: huhesabu kwamba, mwale ukipita hapa, mifupa ya nyonga itaonekana hivi. Kivuli hicho cha kubuni huwekwa akiba. Tutakiona tena.

IV. Picha ya kuhakikisha

Mpango ukiisha kufanywa, bado pana swali: je, mwili uliolala leo ndio ule ule wa siku ya mpango? Mgonjwa amekonda, ngozi imesogea na alama zimesogea nayo, jana kibofu kilijaa, leo ni kitupu, na kizazi kimehama kukifuata. Mionzi haionekani, wala mgonjwa haihisi ikipita. Hapana awezaye kusema kwa kutazama tu kwamba imepita palipokusudiwa.

Njia ya kale ya kujua ilikuwa kuweka filamu nyuma ya mgonjwa na kuuacha mwale ule ule wa tiba uiandike. Filamu ilipelekwa chumba cha giza ikasafishwe, na dakika zikapita. Aghalabu picha ilitazamwa baada ya mgonjwa kushuka kitandani, pengine mara moja kwa juma. Hivyo ikawa ushahidi wa jambo lililokwisha kutendeka.

Kwa hiyo mafundi walitafuta chombo kitakachoipokea picha kwa umeme na kuionyesha papo hapo. Majaribio ya kwanza, katika miaka ya 1950, yalitumia kamera za televisheni zilizotazama kioo chenye kung'aa kipigwapo na mionzi. Katika miaka ya 1980, huko Amsterdam, kilitengenezwa chombo chenye vyumba vidogo vidogo vya umajimaji, ambavyo kila kimoja hupima mionzi inayokifikia. Baada yake zikaja bamba za silikoni, ambazo ndizo zilizoenea katika mashine za leo.

Kazi ya bamba hilo ni rahisi kuelezeka. Limeshikwa na mkono wa chuma upande wa pili wa mgonjwa, likielekeana na kichwa cha mashine itoapo mionzi. Kwanza pana bati jembamba la shaba. Mionzi ikiligonga, hutoa chembe za umeme. Chini ya bati pana utando wa madini yenye kung'aa, nao hugeuza nguvu hizo kuwa nuru. Chini ya utando pana vijicho vya silikoni, mamia ya maelfu, vilivyopangwa kwa safu kama mashimo ya sega la nyuki. Kila kijicho hukusanya nuru yake, na kompyuta huuliza safu moja baada ya nyingine: umepata kiasi gani? Majibu yote yakiunganishwa ni picha, nayo huonekana kwenye kioo cha kompyuta kwa muda wa sekunde chache.

Msomaji asitazamie picha nzuri. Kwa mwale wa nguvu ndogo, chokaa ya mfupa huufanya mfupa utofautiane sana na nyama. Kwa mwale wa volti milioni kadhaa tofauti hiyo hupungua mno; mfupa na nyama hutengwa karibu kwa uzito wao tu. Basi picha ya mwale wa tiba ni hafifu, kama mtu atazamaye milima ya Upare wakati wa ukungu: ukingo wa nyonga huonekana, lakini uvimbe wenyewe hauonekani. Ubora wake uko kwingine. Imepigwa na mwale ule ule utibuo, kwa hiyo huonyesha mahali ulipopita mwale huo wenyewe.

Sasa kile kivuli cha kubuni hutolewa. Wahudumu huweka picha ya leo juu yake, hulinganisha ukingo wa mfupa na ukingo wa mfupa, na kitanda husogezwa kwa milimita zinazohitajika kabla dozi iliyobaki haijatolewa. Mashine nyingi za karibuni zina mkono mwingine wa kupigia picha kwa miale ya nguvu ndogo, na zaweza hata kuuzunguka mwili na kutoa picha ya vipande mfano wa CT. Hizo huonyesha zaidi. Lakini bamba la mwale wa tiba halikuachwa, kwa sababu ya ushahidi tuliokwisha kuutaja.

V. Makosa ya aina mbili

Picha moja haitoshi kumhukumu fundi wala mgonjwa. Wataalamu hutofautisha makosa ya aina mbili, nasi tutayaita kosa la daima na kosa la siku. Tuseme picha ya siku ya kwanza yaonyesha kwamba mwili umesogea milimita 6 kushoto. Ya siku ya pili, milimita 5 kushoto. Ya siku ya tatu, milimita 7 kushoto. Hilo ni kosa la daima. Limeanzia katika mpango au katika alama, nalo litajirudia siku zote 25 kama halikurekebishwa. Lakini tuseme siku ya kwanza ni milimita 3 kushoto, ya pili milimita 4 kulia, na ya tatu milimita 1 kushoto. Hilo ni kosa la siku, litokanalo na kupumua, kujaa kwa kibofu, na desturi ya mwili wa mwanadamu kutolala mara mbili namna moja.

Kosa la daima ndilo baya zaidi, kwa sababu hupunguza dozi mahali pale pale kila siku. Kosa la siku hutawanya dozi huku na huku, na tabibu hulikadiria kwa kuongeza ukingo wa tahadhari kuuzunguka uvimbe. Picha zikipigwa na kusomwa sawasawa, kosa la daima huondolewa, na ukingo waweza kupunguzwa. Ukingo ukipungua, utumbo na kibofu hupona zaidi.

Wakulima wa Upare wana mfano ulio karibu na jambo hili. Tangu zamani Wapare huyakusanya maji katika ndiva, yaani mabwawa madogo, kisha huyafungua yapite katika mifereji mpaka mashambani. Mwenye zamu hafungui maji na kurudi nyumbani kulala. Huufuata mfereji aone kama maji yameingia jaruba lake au la jirani, maana maji yaliyopotea njia humkosesha yeye na kumgharikisha mwenziwe. Tena akisimama mwisho wa mfereji na kutazama maji yaliyosalia, aweza kukisia mashamba yamekunywa kiasi gani. Bamba la picha nalo hutumiwa hivyo. Kwa kupima mionzi iliyotokea upande wa pili, mtaalamu wa fizikia aweza kuhesabu kama dozi iliyotolewa ni ile iliyoandikwa katika mpango, na kushtuka mapema ikiwa mashine imekosea au mwili umebadilika. Kwa hiyo chombo kilichobuniwa kuonyesha mahali sasa huonyesha na kiasi pia.

Yafaa kuongeza mipaka ya mambo haya. Kila picha huongeza mionzi kidogo, nayo sharti ihesabiwe. Bamba lenyewe huchakaa kwa mionzi. Mashine hutaka umeme usiokatika, fundi aliye karibu, na vipuri. Na picha isiyosomwa na mtu mwenye ujuzi haina faida yoyote. Ni kama barua iliyofika na kubaki katika bahasha.

VI. Maneno

Sasa tuyatazame maneno. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mdudu wa pwani; na Wayunani na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa majina yao ya kaa. Waswahili wa pwani wajuao elimu ya nyota wanalijua neno hilo pia kama jina la buruji. Halina shida kwa mgonjwa. Shida imo katika maneno manne au matano ambayo ni ya kawaida mno.

La kwanza ni picha. Mama wa Bendera amepigwa picha ya kutafuta ugonjwa, picha ya kupanga tiba, na picha za kuhakikisha mwale. Kwake zote ni “nimepigwa picha”. Pengine huambiwa kuwa ni “vipimo”, naye hushangaa: vipimo vimekwisha, mbona vinaanza tena? Laiti kila moja ingekuwa na jina lake. Twapendekeza picha ya uchunguzi kwa ile ya kwanza, picha ya mpango kwa ya pili, na picha ya uhakiki kwa ya tatu. Ni maneno yaliyokwisha kutumika katika lugha, na kila moja husema kazi yake.

Labda mtu atauliza kwa nini tusitafsiri neno la Waingereza wenyewe. Wao huiita picha ya uhakiki kwa neno lenye maana ya lango, kwa kuwa mwale huingia mwilini kama mtu apitaye langoni. Ni fumbo zuri kwa lugha yao, lakini kwetu lina hatari. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi akiambiwa kwamba leo atapigwa “picha ya lango” au “ya mlango”, atafahamu mara moja kwamba ni picha ya kiungo chake kinachougua, naye atauliza imeonyesha nini, uvimbe umepungua au la. Mhudumu atasema kwamba picha hiyo haionyeshi uvimbe, na mgonjwa atadhani anafichwa. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa sahihi katika kamusi, na katika wodi ingeleta huzuni bure.

La pili ni kipimo. Kwa Kiswahili kipimo ni kitu cha kupimia, ni tendo la kupima, na pia ni kiasi kilichopimwa. Hivyo “kipimo cha mionzi” chaweza kuwa uchunguzi uliofanywa kwa mionzi, au kiasi cha mionzi iliyotolewa kuwa tiba. Kwa maana hii ya mwisho, neno dozi limekwisha kuzoewa na kila mtu aliyekunywa dawa ya malaria, na faida yake ni kwamba huja na wazo la kumaliza. Watu wanajua kwamba dozi haikatizwi. Tuliache neno kipimo liwe la uchunguzi.

La tatu ni kuchoma. Husemwa “kuchomwa mionzi”. Kitenzi hiki kina mikono miwili: moto huchoma, na sindano huchoma. Aliyelitumia kwanza kwa mionzi huenda alifikiri sindano. Asikiaye hufikiri moto. Ni kweli kwamba ngozi huweza kuwa nyeusi au kubabuka baada ya majuma kadhaa, lakini mwale wenyewe haubebi moto wala hauhisiwi upitapo. Twaona afadhali kutibiwa kwa mionzi, na pale penye haja ya kitenzi kifupi, kupewa mionzi.

La nne si neno bali ni usemi: “ana mionzi”. Jamaa husema hivyo juu ya mtu aliyerudi kutoka tibani, na huenda wakawazuia watoto wasimkaribie. Kiambishi cha kumiliki ndicho kinachopotosha. Mtu aliyetibiwa kwa mionzi ya nje, iwe ya kobalti au ya LINAC, habaki na mionzi mwilini. Taa ikizimwa, chumba hakina nuru; vivyo hivyo mashine ikinyamaza, mwili hauna mionzi. Aweza kumbeba mjukuu wake siku ile ile. Tuseme basi ametibiwa kwa mionzi, wala tusiseme ana mionzi.

La mwisho ni mionzi na miale. Katika lugha ya kila siku mwonzi ni mshale wa nuru ya jua upenyao katika tundu la ukuta au paa, na mwale ni ulimi wa moto au wa nuru. Wataalamu huyatumia maneno haya mawili bila mpaka. Katika makala hii tumejaribu kusema mionzi kwa kitu chenyewe kwa jumla, na mwale kwa mkondo mmoja uliolengwa mahali pamoja. Hatudai kwamba mpaka huo ndio pekee uwezao kuwekwa. Lakini mpaka wowote ni bora kuliko kutokuwa na mpaka.

VII. Mwisho

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, pamoja na taasisi za uchunguzi wa lugha, zimetunga istilahi nyingi za sayansi. Kazi hiyo aghalabu huanza kwa orodha ya maneno ya kigeni na kutafuta la Kiswahili mbele ya kila moja. Mfano wa picha ya uhakiki waonyesha kwamba orodha haitoshi. Yatupasa kujua chombo kinafanya nini, nani atalisikia neno, na neno hilo litagongana na maneno gani mengine katika chumba kile kile. Istilahi za tiba zingefaa kujaribiwa kwanza kwa wagonjwa wenyewe, kwa kuwauliza baada ya kuelezwa: sasa niambie wewe, leo utafanyiwa nini?

Mama wa Bendera akiweza kujibu kwamba leo analazwa kama siku ya kwanza, kwamba picha itakayopigwa ni ya kuangalia kama mwale umelenga, kwamba tiba bado zimesalia siku kadhaa, na kwamba akirudi kwao hatamdhuru mtu, basi neno limefanya kazi yake. Mwandishi atashukuru kupata maoni ya wasomaji, hasa waganga, wauguzi na wahudumu wa mashine za mionzi, pamoja na maneno mengine wanayoyasikia kwa wagonjwa wao, yawe ya Kiswahili au ya Chasu.